Kuku Mwenye Nywele za Paka

Mwaka 1298 Marco Polo alikuwa mfungwa wa vita mjini Genoa, na humo gerezani alikutana na mtunzi wa hadithi, Rustichello wa Pisa. Mmoja alisimulia, mwingine akaandika. Wanapofika habari za Fujian, kusini-mashariki mwa China, Polo anagusia jambo moja na kulipita haraka: huko kuna kuku wasio na manyoya ya ndege, wana nywele kama za paka, weusi, wanataga vizuri na nyama yao ni tamu. Basi. Safari inaendelea.

Sisi wa Kiswahili hatuushtukii sana mwujiza huo, kwa sababu kwetu paka ana manyoya na kuku ana manyoya. Lakini kwa msomaji wa Italia wa karne ile lilikuwa jambo la kucheka. Kitabu kile kilifahamika kwao kama Il Milione, na wapo walioligeuza jina hilo kuwa dongo: milioni za chumvi. Kuku mwenye nywele aliwekwa fungu moja na mambo mengine ambayo mtu anayasikiliza huku akimkonyeza mwenzake.

Kumbe yupo. Ni huyu anayeitwa Silkie, jina lenye hariri ndani yake, ambaye siku hizi unamkuta hata kwenye mabanda ya wafugaji wa kuku wa mapambo Nairobi na Dar es Salaam. Mwili kama pamba iliyochambuliwa, ngozi nyeusi, mifupa myeusi, ndewe za masikio za buluu, na vidole vitano kila mguu badala ya vinne.

Wa pili kumshuhudia alikuwa Odoric wa Pordenone, mtawa wa Kifransisko aliyesimulia safari zake mjini Padua mwaka 1330. Anasema Fuzhou aliona majogoo wakubwa kuliko wote duniani, na kuku weupe kama theluji wasio na manyoya ila sufu, kama kondoo. Tazama tofauti: Polo kasema weusi na paka, Odoric kasema weupe na kondoo. Mtu anayenakili habari ya mwenzake habadilishi rangi na mnyama bila sababu. Wa tatu ndiye alinakili. Yule aliyejiita John Mandeville, miaka ya 1350, alimchukua kuku wa Odoric pamoja na sufu yake na kumwingiza katika kitabu chenye watu wenye vichwa vya mbwa na wengine wenye uso kifuani. Kuku wa kweli katikati ya uongo mtupu, na msomaji hana pa kushika.

Hapa ndipo habari hii inapotuhusu sisi wa Pwani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa, akaendelea mpaka Kilwa. Kurasa chache alizosimulia ni nguzo kubwa ya historia yetu ya karne ile: sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukarimu wake, mji wenyewe. Sasa mtu huyohuyo, miaka kama 15 baadaye, anasema alikuwa China, na anatuletea kuku. Eti kuku wa China ni wakubwa kuliko bata bukini wa kwao. Eti walinunua mmoja, chungu kimoja hakikumtosha, wakampika katika vyungu viwili. Eti jogoo wa kwanza wa Kichina alimwona Kollam, pwani ya India, akadhani ni mbuni!

Kuku wa vyungu viwili akiwa uongo, je, Kilwa yake tuisomeje? Wanahistoria wamebishana sana kuhusu sehemu ya China ya simulizi lake, na wengine hawaamini kwamba alifika kaskazini. Polo naye hajaachwa. Mwaka 1995 Frances Wood alitoa kitabu kizima akiuliza kama aliwahi kukanyaga China, maana hataji chai wala ule Ukuta Mkuu.

Mimi naona kuku ni kipimo kizuri, mradi tusimtwishe mzigo usio wake. Hathibitishi kwamba Polo alifika Fujian. Habari ya kuku inaweza kusikika bandarini. Anachothibitisha ni kwamba nyuma ya sentensi ile kulikuwa na jicho la mtu, lake au la mwingine. Na majogoo wakubwa wa Odoric na wale wa Ibn Battuta wanakutana, ingawa mmoja alisimulia Padua na mwingine Fez, mmoja mtawa na mwingine kadhi. Chumvi ipo, lakini chini ya chumvi kuna nyama. Kilwa vilevile: sarafu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman zimechimbuliwa, na moja imeokotwa mpaka Great Zimbabwe.

Wachina wenyewe hawakumshangaa kuku huyu kwa manyoya. Walimtazama mifupa. Kwao ni kuku wa mifupa myeusi, na Li Shizhen, katika kitabu chake kikubwa cha dawa kilichochapishwa mwaka 1596, anafundisha jinsi ya kumtambua: fungua mdomo, ukiona ulimi mweusi, nyama na mifupa ni myeusi pia. Huo ni ujuzi wa sokoni, wa mtu anayenunua kuku akiwa hai na hataki kupunjwa. Supu yake hadi leo hupewa wanawake, hasa waliojifungua. Kwetu mzazi hupewa supu ya kuku wa kienyeji, kwa hiyo sidhani kuna wa kuwacheka.

Ulaya iliendelea kumshangaa. Simulizi moja inayorudiwa sana ni kwamba waliuziwa watu Uholanzi kama watoto wa sungura na kuku. Darwin ndiye aliyemtendea kwa adabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 anaeleza jinsi alivyompandisha jogoo mweusi wa Kihispania kwa kuku mweupe wa Silkie. Vifaranga wote walitoka weusi tii, na hakuna hata mmoja aliyerithi hariri ya mama. Leo sababu inajulikana. Unyoya wa kawaida una vikulabu vidogo mno vinavyoshikana kama zipu. Wa Silkie hauna, basi kila uzi unakwenda kivyake. Ili kifaranga awe hivyo lazima arithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Weusi wa ngozi ni habari nyingine: kipande cha vinasaba kilichojirudia, kilekile kinachopatikana kwa kuku weusi wa Indonesia, India na hata Sweden, dalili kwamba wote wana babu mmoja.

Ukishajua habari ya vikulabu, nusu ya ufugaji umeshaielewa. Unyoya usioshikana hauzuii maji. Mvua ya masika inayompitia kuku wa kienyeji juu kwa juu, huyu inamfikia ngozini, na akilala amelowa asubuhi unaweza kumkuta amekufa. Hawezi kuruka, kwa hiyo kichaga kiwe chini kabisa, au alale kwenye maranda makavu. Kishungi humfunika macho, asione kunguru wala mwewe. Wafugaji humpunguzia kwa mkasi. Wengi wana fuvu lenye uwazi chini ya kishungi, na pigo moja la mdomo wa jogoo mkubwa humwangusha. Asichanganywe na kuchi! Chanjo ya kideri ni lazima kama kwa kuku yeyote, na ya Mareksi apewe akiwa wa siku moja, maana wafugaji wengi wanamlilia Silkie kwa ugonjwa huo. Miguu yenye manyoya huficha utitiri, ikaguliwe.

Mayai si ya kutajirisha mtu, pengine 100 kwa mwaka, madogo. Ila kuna jambo ambalo Polo, Odoric na Mandeville hawakulisema, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa na kuku huyu zaidi ya mlo mmoja. Silkie anaatamia. Akishataga machache anaganda kiotani, na hata ukimnyang'anya yote atalalia jiwe.

Kuku wa biashara walinyimwa tabia hiyo. Mwaka 1879 Lyman Byce alianza kuuza mashine za kutotolesha huko Petaluma, California, na mashine zilipoenea, kuku anayesimama kutaga ili alee akawa hasara. Vizazi kwa vizazi wakachaguliwa wasioatamia. Leghorn wa leo anataga yai na kuondoka zake, hana habari nalo. Wafugaji wa ndege wa thamani, kanga wa rangi, kwale, tausi, wakabaki wanahitaji mama wa kukodi, na Silkie ndiye aliyekuwa hajasahau. Kutambuliwa rasmi Marekani mwaka 1874 kulimpa heshima ya maonyesho. Kiotani ndiko alikopata kazi.

Kazi yenyewe inataka jicho. Mayai ya kuku ni siku 21, ya bata 28, na yeye hahesabu, ataendelea kukaa. Kwa hiyo mwinue mara moja kila siku, umweke penye maji na punje, umsubiri anye, maana kwa hiari yake anaweza kukonda mpaka kifua kikawa kisu. Na usimwekee mayai mengi ya bata: mwili ule ni wa kilo moja na kidogo, kilichobaki ni hariri, na yai linalotokeza nje ya kifua halipati joto.