Kabla Kengele Haijalia: Tafakuri na Faraja katika Nchi ya Abagusii

Historia ya dini katika Kisii na Nyamira huandikwa mara nyingi kwa kufuata misheni: mapadre wa Mill Hill Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wa Sabato Nyanchwa mwaka 1912, kisha Walutheri kutoka Uswidi waliofika mwishoni mwa miaka ya 1940. Miaka hiyo ni muhimu, lakini haituambii mtu wa kawaida alituliza moyo wake wapi siku aliyofiwa, au alimwuliza nani alipokosa la kufanya. Kwa maoni yangu, jambo hilo kwa Abagusii limekuwa daima kazi ya bomani kwanza, kanisa likafuata baadaye.

Mungu Muumba aliitwa Engoro, na jua, erioba, lilitajwa katika maombi. Lakini mambo ya kila siku yalihusu zaidi ebirecha, roho za waliotangulia, nao hawakuwa mbali. Mgusii huzikwa nyumbani, ubavuni mwa nyumba yake, hatua chache kutoka mlangoni. Anayetoka asubuhi kwenda migombani hupita kando ya baba yake. Anayerudi na mtungi hupita kando ya mama mkwe. Mtu anayeishi hivyo hahitaji kutengewa siku ya kuwakumbuka wafu wake. Ugomvi wa ndugu au ugonjwa wa ghafla wa mtoto ulipimwa hapo hapo, mbele ya wale waliolala chini: je, kuna deni ambalo halijalipwa, kuna neno lililosemwa vibaya?

Si kila neno liliweza kusemwa kwa sauti. Chinsoni, kanuni za haya na heshima kati ya vizazi, zilimzuia mtoto kuzungumza na baba yake mambo ya ndani, na mke kijana kumweleza mama mkwe uchungu wake. Ndiyo maana nampa uzito mkubwa omoragori, mpiga ramli, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Mwanamke asiyepata mtoto, au aliyesumbuliwa na ndoto, alikwenda kwake. Omoragori aliuliza, akasikiliza, akataja ni mzimu upi uliokasirika na sadaka ipi inayotakiwa. Hata asiyekubali jibu lake anapaswa kuona alichokipata yule mama: muda wa kusikilizwa bila kuhukumiwa, na jambo la kufanya akirudi nyumbani. Wamisionari waliita huo ushirikina wakaishia hapo. Nadhani walikosa nafasi ya kuelewa watu waliokuja kuwahubiria.

Mwongozo wa nchi nzima ulitoka kwa manabii. Sakawa wa Kitutu, mwishoni mwa karne ya 19, anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni weupe na mji utakaojengwa Getembe, panapokaa Kisii ya leo. Mwaka 1908 Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kwa maono yake, alimtia moyo Otenyo, naye Otenyo akamchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote. Kisasi cha serikali kilikuwa kikali: watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Miaka michache baadaye imani ya Mumbo, iliyoanzia Alego kwa Onyango Dunde mwaka 1913, ilipata wafuasi wengi Gusii, na wengine wakaiunganisha na tumaini la kurudi kwa Sakawa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika Kisii Septemba 1914, na Waingereza wakauacha mji kwa muda, watu waliupora pamoja na vituo vya misheni. Nisemapo faraja, basi, sisemi utulivu tu. Watu walioporwa ng'ombe na heshima walitafuta pia ahadi kwamba hali haitabaki hivyo.

Misheni zilirudi, na hapa kuna kipengele ambacho waandishi wengi hukipita haraka. Kwa miaka mingi Injili ilihubiriwa Gusii kwa kutegemea sana walimu Wajaluo na lugha ya Dholuo. Mama wa Nyaribari aliyetaka kusoma mwenyewe alilazimika kupitia lugha ya jirani. Agano Jipya kwa Ekegusii lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Kwa imani inayomtaka mtu asome na kutafakari peke yake, hayo ni mapinduzi makubwa kuliko jengo lolote la mawe. Aliyezoea kusikiliza mahubiri sasa aliweza kufungua mwenyewe na kuuliza: neno hili linanitaka nifanye nini leo?

Waadventista ndio walioifanya tafakuri hiyo kuwa na ratiba. Kuna Kesha la Asubuhi, fungu la siku na maelezo mafupi. Kuna lesoni ya Shule ya Sabato inayosomwa kidogo kidogo wiki nzima. Kuna makambi ya Agosti. Katika nyumba nyingi za Nyamira mama huamka giza lingali nene, hukoka moto, huweka sufuria ya chai, kisha huketi na kile kitabu kilichokunjwa pembe. Husoma kwa sauti ya chini, watoto wakisikiliza nusu usingizini. Anaomba kwa majina: mtoto aliye Nairobi, karo, shemeji asiyesema naye. Kikapu cha kuchumia chai kinangoja mlangoni. Dakika kumi hizo, nionavyo, zimeshikilia familia nyingi kuliko mahubiri ya saa mbili.

Kwa Wakatoliki, ambao Kisii ilipata kuwa dayosisi yao mwaka 1960 chini ya Askofu Maurice Otunga, kazi hiyo ilichukuliwa na rozari, na tangu miaka ya 1970 na jumuiya ndogondogo. Wanajumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, husoma somo, kisha kila mmoja husema lililomgusa. Jambo ambalo chinsoni zingelizuia linapata mlango: binti mkwe anaweza kuomba sala kwa ajili ya ndoa yake mbele ya wakubwa bila kuvunja heshima, kwa sababu anasema na Mungu, wao wanasikia.

Mtafiti Sarah LeVine aliliona hitaji hilo la kusikilizwa katikati ya miaka ya 1970, alipozungumza mara kwa mara na wanawake saba wa Kigusii na baadaye kuandika kitabu *Mothers and Wives*, kilichotoka mwaka 1979. Wanawake hao walikuwa na mengi ya kusema kuhusu waume waliohamia mijini, uzazi, wivu na hofu ya uchawi, na wasikilizaji wachache.

Wengi wa rika lao wameweka madaftari: mafungu waliyonakili, vichwa vya mahubiri, majina ya waliowaombea, tarehe za vifo. Nyaraka za maaskofu na wakuu wa wilaya zimehifadhiwa kwa uangalifu. Madaftari haya yako chini ya vitanda na juu ya dari, yanaliwa na mchwa, na mengine hutumiwa kuwashia moto baada ya matanga. Makavazi yetu yaanze kuyaomba kwa familia sasa, wenye kuyaandika wakiwa bado wanaweza kutueleza walimaanisha nini.