Pringle, nzi na jairoskopu iliyo mfukoni mwako

Hebu jaribu kumpiga nzi kwa kandambili. Anahepa, anapinduka hewani, kisha anatua darini miguu juu. Sisi watu wa tarakilishi tunajisifu sana, lakini mdudu huyu amebeba kifaa ambacho binadamu alikuja kukielewa vizuri mwaka wa 1948. Aliyekifafanua ni mwanazuolojia Mwingereza, John William Sutton Pringle (1912–1982). Nilisoma digrii nzima ya sayansi ya tarakilishi bila kusikia jina lake, jambo ambalo hadi leo linaniudhi.

Nzi ana mabawa mawili tu. Yale ya nyuma yamekuwa virungu vidogo vinavyopiga juu na chini anaporuka. Mwanzoni mwa karne ya 18, William Derham alikuwa tayari ameona kwamba ukivikata, nzi hawezi tena kuruka sawasawa. Kwa nini? Pringle akajibu: hiyo ni jairoskopu! Si ile ya gurudumu linalozunguka kama pia, bali ya kitu kinachotetemeka. Mwili ukigeuka, nguvu ya Coriolis huvisukuma virungu pembeni. Vihisio vilivyo kwenye mashina yake hupeleka habari, na mabawa husahihisha mwendo. Pringle alidhani vinapima mgeuko wa kushoto na kulia tu. Waliomfuata walionyesha kwamba vinapima mihimili yote mitatu. iPhone 4 ilipotoka mwaka wa 2010 ilikuwa na jairoskopu ya kanuni hiyohiyo, yaani kipande cha silikoni kinachotetemeka.

Lakini mimi napenda zaidi utafiti wake wa 1949. Nzi hupiga mabawa zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Pringle alipopima umeme kwenye misuli, alikuta ishara za neva ni chache mno, wala haziendi sambamba na mapigo. Sasa mapigo yanatoka wapi? Kwenye misuli yenyewe! Kundi moja likijikaza, kifua kinabadilika umbo na kulinyoosha kundi la pili. Kule kunyooshwa kunalifanya nalo lijikaze, na mzunguko unaendelea. Kazi ya neva ni kusema tu “endelea”. Ukiandika programu utaelewa uzuri wake: prosesa inawasha swichi moja, kisha mzunguko wote unaendeshwa na mashine.

Huenda haikuwa bahati tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Pringle alifanya kazi kwenye rada za ndege. Baadaye akawa mwanachama wa Ratio Club, kikundi kilichoanzishwa London mwaka wa 1949, na mwanachama mwenzake alikuwa Alan Turing! Mwaka wa 1951 aliandika makala akilinganisha kujifunza na mageuko ya viumbe. Kitabu chake kuhusu kuruka kwa wadudu kilitoka 1957, na kuanzia 1961 hadi 1979 alikuwa profesa wa zuolojia Oxford.

Kama simu yako ina jairoskopu, pakua programu inayoonyesha namba za vihisio, kisha igeuze simu polepole, halafu ghafla. Tazama namba zinavyoruka.