Mbwa Mlinzi wa Mifugo: Tujifunze kwa Kangal

Ndugu mfugaji, fisi akiingia zizini usiku, wengi wetu tunawaza sumu. Wenzetu wa Namibia walipata njia nyingine.

Kangal ni mbwa mkubwa wa Uturuki, asili yake mkoa wa Sivas. Dume huweza kufikia kilo 60. Kwa karne nyingi wachungaji wa huko wamelinda naye kondoo, wakimvisha kola ya chuma yenye miiba ili adui asimng'ate shingoni.

Namibia wafugaji walikuwa wakiua duma kwa maelfu kwa kuhofia mifugo yao. Mwaka 1994 Dkt. Laurie Marker na shirika la Cheetah Conservation Fund wakaanza kuwagawia watoto wa mbwa wa jamii hii. Wengi waliopata mbwa walisema hasara imepungua sana.

Siri ilikuwa malezi. Mtoto wa mbwa huwekwa na mbuzi akiwa na umri wa wiki nane hivi. Hula na kulala nao mpaka awaone ndugu zake. Akikua hawindi. Husimama kati ya kundi na adui, akabweka, na duma huondoka kwa sababu hapendi ugomvi.

Kangal hula sana, na si kila mmoja wetu atamweza. Lakini Botswana hata mbwa wa kienyeji wamefanya kazi hiyo hiyo. Basi anza na wako: mlee zizini tangu mdogo, mshibishe, mpe dawa ya minyoo, na usikose chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mbwa mwenye njaa huacha lindo.