Meru Mikononi mwa Mabeberu Wawili, 1914–1922

Kila tunapofundisha historia ya ukoloni kwa makada wanaotoka Arusha na Meru, hujitokeza hoja moja waliyoirithi kwa wazee wao: kwamba Mjerumani alikuwa mkali lakini mtu wa neno lake, na kwamba Mwingereza alikuja mwaka 1916 kutuondolea kiboko. Wengine huigeuza hoja hiyo, wakasema Mwingereza alikuwa mlaini lakini mjanja. Hatuwalaumu. Lakini anayepima mabwana wawili kwa urefu wa viboko vyao amekwisha kukubali, pengine bila kujua, kwamba lazima awe na bwana. Swali linalofaa kuulizwa ni jingine: mabwana hao waligombania nini hapa, na baada ya mmoja kumfukuza mwenzake, kitu hicho kilibaki mikononi mwa nani?

Tuanze na kile Mjerumani alichokuwa nacho. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa huko Akeri. Kapteni Johannes aliyekuwa Moshi akapata sababu aliyoihitaji. Misafara yake ya kulipiza kisasi ilichoma nyumba, ikafyeka migomba na kuswaga maelfu ya ng'ombe. Boma la Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa kwa kazi ya shuruti ya wananchi walioshindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Baada ya hapo ndipo ulipokuja mgao wa ardhi. Kuanzia mwaka 1905 hivi waliletwa Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, wakapewa mashamba kuzunguka mlima. Walowezi wa Kijerumani wakafuata. Juu ya mlima serikali ilitenga msitu wa hifadhi, na chini ukawekwa mkanda wa mashamba ya walowezi. Mwananchi akabanwa katikati, ng'ombe wake wakikatiwa njia ya kwenda nyikani kwenye malisho na magadi. Msomaji aukumbuke mkanda huo, maana tutaurudia.

Vita vilipoanza Agosti 1914, havikuanza kwa sababu ya Meru wala ya Afrika Mashariki. Vilikuwa vita vya mabeberu kugawana upya dunia iliyokwisha kugawanywa. Hata hivyo kila mmoja wao alikuwa na hesabu yake juu ya nchi hii. Wajerumani waliota dola moja pana katikati ya Afrika, kutoka bahari hadi bahari. Waingereza walitaka ukanda usiokatika kutoka Rasi hadi Cairo. Wabelgiji, ambao nchi yao wenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, waliingia kutoka Kongo na kuiteka Tabora Septemba 1916, wakitumaini kuwa na kitu cha kubadilishana mezani. Wareno walitaka pembe ya Kionga kule kusini. Walikuwapo hata waliopendekeza Tanganyika iwe koloni la India, kama malipo kwa askari wa Kihindi waliokufa vitani. Na wakubwa wa Muungano wa Afrika Kusini walifikiri kuwa sehemu ya nchi yetu ingeweza kupewa Ureno ili wao wapate ghuba ya Delagoa. Watu wa nchi yenyewe hawakuulizwa na yeyote.

Vita vilifika mlangoni mwa Arusha mapema. Tarehe 3 Novemba 1914, wakati Waingereza wakishindwa Tanga, kikosi chao kingine chenye askari kutoka India na walowezi wa Kenya kilishambulia Longido kikarudishwa nyuma. Mpaka ule uliokuwa ukipiganiwa ulichorwa na mabeberu hao hao katika mapatano ya 1886 na 1890, ukawagawa Wamasai pande mbili kama mtu anavyokata kitambaa. Sasa waliochora mstari walikuwa wakiuana juu yake.

Februari 1916 Jenerali Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Kiingereza. Mwezi Machi kikosi kimoja kilitoka Longido kikapita katikati ya Meru na Kilimanjaro, majeshi mengine yakaingia kwa njia ya Taveta. Moshi ilitekwa katikati ya mwezi, na siku chache baadaye Arusha. Kutoka Arusha Jenerali Van Deventer aliondoka mwanzoni mwa Aprili na wapanda farasi wake, akaiteka Lolkisale na kufika Kondoa tarehe 19, huku farasi wakifa kwa mamia njiani. Hapa tuwaombe wanafunzi watazame majina. Smuts na Van Deventer walikuwa Makaburu, waliopigana na Mwingereza hadi mwaka 1902. Miaka kumi na minne baadaye waliongoza jeshi lake hadi Meru, ambako Makaburu wenzao walikuwa wamekaribishwa na Mjerumani. Bendera ziligongana, lakini juu ya nani amiliki ardhi na nani ailime kwa ujira mdogo hapakuwa na ugomvi wowote kati yao.

Aliyelipa gharama ni mwananchi. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Wapagazi walibeba risasi na unga kupita mbuga na matope, kwa chakula wasichokizoea, wakafa zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia 100,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni alama iliyobaki ya kikosi hicho. Kisha, mwaka 1918, ukaja ugonjwa wa mafua.

Sasa tuje kwenye utawala wa nchi iliyotekwa. Horace Byatt aliwekwa kuwa mtawala, na mwanzoni makao yake yalikuwa Lushoto, ambako Wajerumani walipaita Wilhelmstal. Wajerumani wa kaskazini walikamatwa, na baada ya vita wakafukuzwa. Mashamba yao yakaitwa mali ya adui. Tunasisitiza neno hilo. Kama mali ile ilikuwa ya adui aliyeinyang'anya, sheria ya haki ingesema irudi kwa aliyenyang'anywa. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa iliuzwa kwa mnada kwa wenye fedha: Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani nao waliruhusiwa kurudi, na wengi wakarudi. Mkanda ule wa mashamba ulibaki pale pale.

Ushawishi wa mshindi ulipita pia katika njia ya reli. Ili kulisha jeshi, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, ikaungana na reli ya Tanga mwaka 1916. Ilijengwa kwa vita, lakini baadaye ilivuta biashara ya kaskazini kuelekea Mombasa, na reli ilipofika Arusha mwaka 1929 kahawa ya Meru ilikuwa na njia ya kwenda bandari ya nchi nyingine. Si ajabu kwamba walowezi wa huko walipenda kuunganishwa na wenzao wa Kenya.

Kwa misheni tutasema machache. Baada ya Wajerumani wa Leipzig kuondolewa, makanisa na shule zilishikwa na walimu Waafrika wenyewe, mpaka Walutheri wa Marekani walipofika kusaidia katika miaka ya 1920. Kipindi hicho kifupi hakitajwi sana, nasi tunadhani kinastahili utafiti zaidi kuliko vita vyote vya Smuts.

Mezani Ulaya, Waingereza na Wabelgiji walipatana mwaka 1919: Ruanda na Urundi zikaenda Ubelgiji, zilizobaki kwa Uingereza. Jina la Tanganyika likatoka mwaka 1920. Lakini kwa kuwa washindi hawakuaminiana, na Marekani haikutaka kuona makoloni yakimezwa waziwazi, nchi haikufanywa koloni kamili. Mwaka 1922 Uingereza ilipewa kuitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mabeberu walijiwekea utaratibu huo ili wachungane wenyewe kwa wenyewe.

Wameru waliuona ufa huo. Novemba 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi wachache wa Kizungu na mkanda ule ukamilike. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na wakili Earle Seaton, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kushtaki jambo hilo. Kamati ya Nne iliunga mkono madai yake. Katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili ya kura zilizotakiwa, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliolipinga. Kirilo alirudi nyumbani, akaenda kijiji hadi kijiji akiwaeleza watu yaliyosemwa huko, na nchi kupiga kura vipi.