Mwambao, Majimbo, Pwani si Kenya

Hadi 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Fort Jesus, Mombasa. Kisheria ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa wake. Waingereza waliupanga tu, kwa mkataba wa 1895.

Uhuru ulipokaribia, waliotaka ukanda ujitawale, wengi wao Waarabu na Waswahili, akiwamo Sheikh Abdilahi Nassir wa Coast People's Party, walidai "Mwambao". Kwao huko hakukuwa kujitenga: utajitengaje na nchi ambayo hujapata kuwa ndani yake? Chama cha KADU cha Ronald Ngala kilikuja na "majimbo", pwani ibaki Kenya lakini iwe na mamlaka yake. Chama cha KANU kiliyaona yote mawili kuwa ukabila na kuigawa nchi.

Ngala alikuwa Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda wa pwani, na hili lina uzito. Wamijikenda wengi waliposikia Mwambao walisikia kurudishwa chini ya Mwarabu, na habari za utumwa walikuwa wamesimuliwa na babu zao. Ripoti ya 1961 ya Sir James Robertson, kamishna aliyechunguza suala la ukanda, ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana: makadhi wabaki, na hati za ardhi zilizokwisha kutolewa ziheshimiwe.

Hapo kwenye hati ndipo penye kidonda. Nyingi zilitokana na sheria ya 1908, iliyomtaka mtu athibitishe umiliki wake. Wamijikenda, waliomiliki ardhi kwa pamoja kiukoo, wakaambulia patupu. Wakawa maskwota kwenye mashamba ya mababu zao, na makubaliano ya uhuru yakaifunga hali hiyo kwa kufuli.

Ndiyo maana sishangai kwamba Mombasa Republican Council ilipovuma kwa kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", wafuasi wake wengi walikuwa Wamijikenda, wajukuu wa waliouogopa Mwambao, wakishika mikataba ile ile ya 1895 na 1963. Serikali iliwaita kundi haramu na kuwapiga marufuku 2010. Jina hilo liliiepusha kujibu swali la ardhi: na mhalifu hujadiliani, unamkamata. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku.

Baada ya uchaguzi wa 2017, magavana wa pwani Hassan Joho na Amason Kingi nao walitamka kujitenga, safari hii kwa hasira ya kura. Maskwota walikuwa bado wanangoja hati.