Baiskeli na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini

Mbio za baiskeli za ridhaa mjini Johannesburg zina historia iliyogubikwa na siasa za ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1970, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliifukuza Afrika Kusini.

Hata hivyo, mwaka 1975 Sean Kelly wa Ireland pamoja na ndugu wawili, Pat na Kieron McQuaid, walishiriki mashindano ya Rapport nchini humo kwa majina bandia.

Walipogunduliwa, walizuiwa kwenda Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliisusia kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini.

Afrika Kusini ilirejea katika Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992.

Miaka mitano baadaye, Johannesburg ilianzisha mbio za 94.7, zilizobeba jina la masafa ya redio, ambamo weusi kwa weupe hujiandikisha kwa majina yao halisi.