Kalamu ya Uuguzi Katika Nchi ya Karema na Mpanda

Mnamo mwaka 1889 aliwasili Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kijana Mwafrika ambaye hakuwa mwenyeji wa nchi ile, wala lugha ya mama yake haikupata kusikika huko. Kwani alizaliwa kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akavushwa jangwa kama bidhaa, hata akakombolewa nchini Aljeria na Mapadri Weupe, ambao baada ya kumlea na kumsomesha walimpeleka kisiwa cha Malta, alikojifunza utabibu katika chuo ambacho Kardinali Lavigerie alikianzisha mwaka 1881 kwa ajili ya vijana wa Kiafrika. Jina lake Adrien Atiman. Ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, ilikuwa mikononi mwa mapadri wale tangu 1885. Na hapo ndipo kijana huyo alipooa binti wa mtemi wa Wabende, akatibu, akazeeka, hata mauti yakamfika mwaka 1956, akiwa ametumikia miaka 67 katika ardhi ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi.

Aghalabu Atiman husifiwa kwa mkono wake wa tiba, na sifa hiyo ni haki yake. Mimi napenda kumtaja kwa kalamu. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha yake kama alivyozieleza mwenyewe, na hivyo mtu aliyeuzwa utotoni akawa miongoni mwa wachache wa zama zake, katika kazi ya afya barani, walioacha ushahidi wao wenyewe. Naye ushahidi huo hakuupata kwa wepesi. Elimu aliipokea kwa lugha ya Wazungu, wagonjwa aliwasikiliza kwa lugha za ziwani. Na kati ya sikio na karatasi palikuwa na safari ndefu, ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi wa Mpanda huisafiri hadi leo.

Atiman akiwa bado kazini, walikuja madresa. Serikali ya Waingereza, chini ya mkuu wake wa idara ya tiba, Daktari Shircore, ilianza mwaka 1926 kufundisha vijana wa vijijini kufunga vidonda na kugawa dawa katika zahanati zilizoendeshwa na mabaraza ya wenyeji. Hao hawakuandika insha. Waliandika rejista: jina, kijiji, maradhi, dawa, mstari kwa mstari, neno moja au mawili katika kila safu. Na katika nchi ya Ukonongo, humu humu Katavi, ambako watu walihamishwa wakakusanywa pamoja kwa hofu ya malale, orodha za majina zilikuwa sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa asiyeandikwa hakutafutwa, na asiyetafutwa aliweza kulala usingizi usio na kuamka. Naona rejista ile ilitupa jema kubwa, yaani kuhesabu kila mtu; bali ilituachia pia mazoea ya kutaja ugonjwa pasipo kueleza umekujaje, na mazoea hayo hayajatutoka.

Sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga ilitungwa mwaka 1952, na Baraza lao likasimama mwaka uliofuata. Zama hizo reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, ilikuwa imeifungulia nchi hii njia ya Tabora na pwani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Njia ya kwenda kutafuta elimu ilibaki. Miaka ikapita, na mwaka 1988 shahada ya uuguzi ikaanza kufundishwa Muhimbili. Hapo muuguzi akatakiwa jambo jipya: si kuandika alichokifanya tu, bali kutoa hoja, kutaja waliomtangulia, na kutetea anachokisema. Leo hata mwanafunzi wa stashahada hupambana na ripoti ya utafiti, na wengi huikabili kwa hofu zaidi kuliko walivyoukabili usiku wao wa kwanza wodini.

Hofu hiyo ina asili yake, na asili yake si uvivu. Mtazame mwanafunzi katika wodi ya wazazi. Mama mmoja ametoka Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, naye uchungu wake unasema Kirundi. Wa kitanda cha pili ni Msukuma aliyefuata malisho. Wa tatu ni Mpimbwe. Mwanafunzi husikia, hukifikiri alichosikia kwa Kiswahili, kisha huandika kwa Kiingereza. Mama akisema tumbo linanyonga tangu jogoo la kwanza, akaeleza lilianzia kiunoni likashuka, faili hupokea maneno mawili tu ya Kiingereza, yenye maana ya maumivu ya tumbo. Saa imepotea, mahali pamepotea, na mwenendo wa uchungu umepotea. Kilichopotea hapo hakiwezi kurudishwa na ufasaha wowote wa darasani.

Ipo karatasi moja wodini ambayo ni mwalimu bora wa uandishi kuliko vitabu vingi, nayo ni patografu, yaani chati ya mwenendo wa uchungu wa kuzaa. Daktari Philpott na mwenziwe waliieleza mwaka 1972 kutokana na kazi yao mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, palipokuwa na wakunga wengi na madaktari wachache. Mapigo ya moyo wa mtoto hutiwa nukta kila nusu saa. Mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa nne na kutiwa alama. Na alama zikiuvuka mstari wa tahadhari, kisha zikaukaribia mstari wa hatua, karatasi yenyewe husema kwamba mama huyu asingojewe. Hiyo ni hoja iliyokamilika: ushahidi kwa mpangilio wa wakati, na hitimisho lisilotangulia ushahidi wake. Nimepata kuona, katika kituo nisichokitaja, patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, nukta zote zimepangwa vizuri kama shanga, na moyo wangu ulisononeka. Maana karatasi ile ilikuwa nzuri na ilikuwa ya uongo. Mwanafunzi anayenakili kurasa za mwingine katika insha yake pasipo kumtaja hutenda kosa lile lile, na yafaa aelezwe hivyo, kwa mfano anaoujua, badala ya kutishwa kwa kanuni za mtihani.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba ustadi wa kuandika kitaaluma usifundishwe mbali na kitanda cha mgonjwa. Mwanafunzi na aweke daftari lake mwenyewe, aandike humo kwa Kiswahili maneno ya mgonjwa kama yalivyotamkwa, pamoja na saa na kipimo. Kisha ayahamishie Kiingereza akiwa ametulia, ampe mwenzake asome kwa sauti, na kila penye neno kama "hali mbaya" ajiulize: mbaya kwa joto kiasi gani, kwa mapigo mangapi, tangu lini? Akizoea hayo kwa mgonjwa mmoja, ripoti ya wagonjwa arobaini haitamshinda.

Na kwako msomaji wa Karema, Inyonga, Mishamo au Mpanda mjini: ikiwa babu yako alikuwa dresa, au mama yako alikuwa mkunga, na sandukuni mmebaki na daftari lake, hata kama limeliwa na mchwa na wino umefifia, tafadhali usiliwashie moto wala usifungie maandazi. Lipeleke kwa walimu wa uuguzi walio karibu nawe, ili wanafunzi wao walisome.